Milima ya wikendi nje ya Tokyo: anzia kwenye basi, malizia kwenye treni

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa Morogoro, nimefika Tokyo Septemba kwa mwaka mmoja wa masomo ya kubadilishana na nitarudi nyumbani mwishoni mwa Agosti. Nilizoea kupanda Uluguru na ndugu zangu hadi Morningside. Hapa nakaa bwenini, sina gari, Kijapani changu ni cha kubahatisha na posho ni ndogo. Wenzangu wanaijua Takao tu, tena wanasema mita 599 si mlima. Nataka wikendi zangu niwe porini. Nianzie wapi, nitafikaje, na je, ni salama msichana kwenda peke yake?"

Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako waache na hesabu yao ya mita. Mtu aliyetoka nchi yenye Kilimanjaro akisikia 599 lazima acheke kidogo, na kicheko hicho ndicho kinachowaponza wageni wengi. Milima ya magharibi ya Tokyo huipimi kwa urefu, unaipima kwa saa: saa ulizonazo kabla jua halijazama, na saa ya basi la mwisho bondeni.

Kwa jua tuanze, maana hapo mwili wako utakudanganya. Morogoro jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo hujawahi kulazimika kulifikiria. Tokyo mwanzoni mwa Desemba linazama saa 10 na dakika 28 jioni. Mwezi wa Juni linakwenda hadi saa 1. Tofauti hiyo ni ya saa mbili na nusu za kutembea, na ndani ya msitu wa mierezi, upande wa bonde, giza linakutangulia zaidi. Takwimu za polisi wa Japani zinaonyesha kwamba miongoni mwa watu wanaohitaji kuokolewa milimani, kundi kubwa ni la waliopoteza njia, si la walioporomoka majabalini. Mtu kachelewa kuanza, kakaa kileleni akipiga picha, kaona njia ya mkato, na tochi hana.

Sasa usafiri. Treni za Tokyo zinakimbia tangu alfajiri hadi karibu saa 6 usiku, nyingine kila baada ya dakika chache. Mabasi ya vijiji vya milimani ni jambo jingine kabisa: machache kwa siku, na la mwisho huenda likaondoka jioni mapema. Ukikosa treni unasubiri nyingine. Ukikosa basi la mwisho, utatembea barabara ya lami gizani kwa kilomita kadhaa au uite teksi itakayomeza posho ya wiki. Kwa hiyo panga safari zako ziwe za kuvuka, si za kwenda na kurudi njia moja: asubuhi panda basi hadi chini ya mlima wa mbali, jioni uteremkie kwenye stesheni ya reli.

Takao yenyewe usiidharau, ila ifanye ya kwanza na uifanye ipasavyo. Kutoka Shinjuku treni ya Keio inakufikisha Takaosanguchi kwa dakika 50 hivi, nauli haifiki yeni 500, na kadi yako ya nauli, Suica au Pasmo, inatosha. Kuna kigari cha reli kinachovutwa na kamba, chenye mwinuko mkali kuliko vyote vya aina yake Japani, nyuzi 31 pale pakali. Siku moja panda kigari hicho ukipenda, lakini miguu yako ya Uluguru haikihitaji. Njia namba 1 ni ya saruji na inapita kwenye hekalu la Yakuoin, ambalo mapokeo yake yanasema lilianzishwa mwaka 744. Njia namba 6 ndiyo ninayokupendekezea: inafuata kijito, inapita karibu na maporomoko ya Biwa ambapo watawa huoga maji baridi kama ibada, na kuelekea juu unakanyaga mawe ndani ya kijito chenyewe. Saa moja na nusu hivi, umefika kileleni. Wikendi za katikati ya Novemba, majani yanapokuwa mekundu, njia hiyo hufanywa ya kupanda tu, na foleni ya kigari inakatisha tamaa. Nenda siku ya wiki usiyokuwa na kipindi, au uwe pale saa 1 asubuhi.

Kuna sababu ya Takao kuwa na msitu tofauti na milima jirani. Kwa karne nyingi ilikuwa ardhi ya hekalu, baadaye ikawa msitu wa mfalme, na mwaka 1967 ikawa hifadhi. Miti haikufyekwa. Upande wa kusini utakuta mialoni isiyopukutisha majani, upande wa kaskazini miti ya nchi za baridi inayopukutisha, yote kwenye kilima kimoja. Ukisogea milima ya pili yake unaingia kwenye mashamba ya miti: mierezi na misaipresi iliyopandwa kwa safu baada ya vita kwa ajili ya mbao, kisha mbao za nje zikawa rahisi na miti ikabaki imesimama. Ukiwahi kupita Sao Hill, Mufindi, utaujua mara moja ule ukimya wa chini ya miti iliyopandwa kwa kamba. Miti hiyo ndiyo inayowaliza machozi nusu ya Tokyo kuanzia Februari hadi Aprili kwa chavua yake. Ukianza kupiga chafya mfululizo mwezi Machi, usidhani ni mafua. Vaa barakoa milimani, na muulize mfamasia dawa ya mzio.

Safari ya pili, na kwangu ndiyo bora kwa mwanafunzi asiye na gari, ni kutoka Jinba hadi Takao. Shuka stesheni ya Takao (siyo Takaosanguchi, zinachanganywa sana), tokea mlango wa kaskazini, panda basi hadi mwisho wa njia, Jinba-kogen-shita. Utapanda hadi Jinba, mita 855, ambako juu kuna sanamu nyeupe ya farasi na uwazi unaokuonyesha Fuji siku ya anga safi. Kutoka hapo unafuata mgongo wa milima kuelekea mashariki: Kagenobu mita 727, Kobotoke Shiroyama mita 670, kisha Takao. Vileleni kuna vibanda vya chai vyenye mabenchi, hasa wikendi. Kagenobu wanakaanga majani ya porini kwenye unga, Shiroyama wanauza supu ya uyoga. Lipa kwa noti na sarafu, usitegemee simu.

Siku nzima hiyo ni saa sita hadi saba za mwendo, bila kuhesabu kukaa. Ukiwa kileleni Jinba saa 4 asubuhi, utateremka Takaosanguchi jua bado lipo hata Desemba, na kama miguu imekataa, njiani kuna njia za pembeni za kushukia mapema. Ukiifanya kinyume, kutoka Takao kwenda Jinba, utaishia ukikimbiza basi. Waongozaji wengine hupenda hivyo kwa sababu ya mandhari. Mimi sioni mandhari ya kulipia teksi.

Mbele ya stesheni ya Takaosanguchi pana bafu za maji ya moto ya chini ya ardhi. Watu huoga uchi, wanawake kwao na wanaume kwao. Kama hilo linakukwaza, pita zako, treni ipo.

Baada ya hapo sogea Okutama, ambako bado ni Tokyo kiserikali ingawa hutaamini. Wikendi na sikukuu kuna treni ya haraka asubuhi kutoka Shinjuku kuelekea Okutama, nauli zaidi kidogo ya yeni 1,000. Shuka Mitake. Basi la dakika kumi na kigari cha kamba vinakupandisha hadi kijiji kilicho mgongoni mwa mlima, mita 830 hivi, ambako familia za makuhani zimekaa vizazi na vizazi zikipokea mahujaji. Hekalu la Musashi Mitake liko kileleni, mita 929. Mnyama anayeheshimiwa pale ni mbwamwitu, aliyetoweka Japani tangu mwanzo wa karne ya 20, na ndiyo maana utaona watu wamewaleta mbwa wao kubarikiwa, hata ndani ya kigari wanapanda nao. Nyuma ya hekalu teremka kwenye bonde la mawe yenye kuvumwani ya kijani, kati ya maporomoko ya Nanayo na Ayahiro. Juni na Julai, jiji likichemka, bonde hilo ni baridi ya kupendeza. Wenye nguvu huunganisha na Otake, mita 1,266. Kuna minyororo ya kushikia mahali pachache, na huko kamwe usiende peke yako barafu ikiwa imeshika.

Januari na Februari wageni wengi hujifungia ndani, na wanakosea, kwa kuwa anga la Kanto, yaani ukanda huu wa Tokyo, wakati wa baridi ni kavu na safi kuliko msimu wowote. Hapo ndipo pa kwenda Tanzawa, kusini-magharibi. Treni ya Odakyu hadi Shibusawa, basi la robo saa hadi Okura, kisha mgongo mmoja mrefu wa ngazi za magogo hadi Tonodake, mita 1,491. Ni kupanda mita 1,200 kwa mkupuo. Wenyewe wanauita mgongo wa mpumbavu, na katikati utaelewa. Huku kanuni yangu ya treni haifanyi kazi, utahitaji basi kwenda na kurudi, kwa hiyo piga picha ratiba ya Okura kabla hujaanza kupanda na uweke kengele ya simu ya saa ya kugeuka. Ikifika, geuka hata kama kilele unakiona. Theluji ikiwa imeanguka wiki hiyo, vaa vyuma vidogo vya kufunga chini ya viatu: matope yaliyoganda asubuhi yanateleza kuliko theluji yenyewe.

Tanzawa hiyo hiyo usiiguse majira ya joto bila kujiandaa kwa ruba. Kuanzia Aprili hadi Novemba, hasa mvua ikiwa imenyesha, wanapanda kwenye viatu na kuingia soksi bila maumivu, unakuja kuona damu tu. Chumvi au dawa ya kupulizia kwenye viatu husaidia. Mvua kubwa ya Juni hadi katikati ya Julai ni wakati wa kupumzisha milima mirefu, kama unavyofanya nyumbani wakati wa masika, na tufani huja zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Tufani ya Oktoba 2019 ilibomoa njia nyingi za Okutama na Tanzawa, nyingine zikafungwa muda mrefu. Ndiyo sababu kabla ya kutoka unafungua tovuti ya kituo cha wageni cha eneo husika na kutafuta herufi hizi: 通行止. Ukizikuta njiani zimetundikwa kwenye kamba, njia imefungwa, usiruke hata kama unaona nyayo za watu upande wa pili. Nyingine za kukariri kwa sura yake ni 登山口, pale njia ya mlima inapoanzia, na 山頂, kilele.

Sasa usalama wa msichana peke yake. Kwa upande wa watu, milima hii ni mitulivu, na utakutana na wazee wa miaka 70 wanaokupita huku wakikusalimia "konnichiwa". Itikia kila mmoja, hiyo ndiyo adabu ya huko, na anayepanda ndiye anayepewa njia. Asubuhi ya wikendi kwenye Takao, Jinba na Mitake hutakuwa peke yako kamwe. Ninachokiogopa ni kifundo cha mguu kilichoteguka kwenye njia isiyopitwa na mtu, mtandao wa simu hakuna, na bwenini wanadhani uko maktaba. Kwa hiyo Okutama ya ndani na Tanzawa nenda na mwenzako. Vyuo vingi vina klabu za kutembea milimani, na huko Japani klabu ya namna hiyo mara nyingi huitwa kwa neno la Kijerumani lililofupishwa, wangeru. Aprili ndipo zinapokusanya wanachama wapya, lakini hakuna anayekuzuia kubisha hodi Oktoba. Kijapani cha kubahatisha kinakua haraka kwenye basi la asubuhi kuliko darasani.

Ukienda peke yako, acha maandishi. Kuna fomu ya mpango wa kupanda mlima, unaijaza mtandaoni au unaitumbukiza kwenye sanduku lililopo mwanzo wa njia: jina, njia, saa ya kurudi, namba ya mtu wa kupigiwa. Mpelekee na mwenzako wa bwenini. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka. Ramani ya kawaida ya Google haifai kabisa hapa, inaijua barabara ya gari na inaweza kukuonyesha njia ya miguu isiyokuwepo. Programu za simu za YAMAP na Yamareco ndizo wanazotumia wenyeji. Zinaonyesha upo wapi hata bila mtandao, pamoja na dakika za mwendo kati ya alama na alama. Dakika hizo ni za mtu mzima anayetembea kwa utulivu. Mara ya kwanza ziongeze nusu. Dharura ya kuokolewa au gari la wagonjwa ni 119, polisi ni 110.

Fedha zikoje ukiumia? Mwanafunzi anayekaa zaidi ya miezi mitatu huandikishwa bima ya afya ya taifa, na hospitalini unalipa asilimia 30. Kuokolewa na polisi au zimamoto kwa kawaida hakutozwi, ila mkoa wa Saitama, kaskazini mwa Okutama, tangu 2018 unatoza helikopta yake kwa kila dakika 5 kwenye milima iliyotajwa. Msako wa watu binafsi ni wa kulipia popote. Muulize ofisa wa wanafunzi wa kigeni kama bima ya chuo inagusa milima, na swali lako limuulize kwa maandishi. Kadi ya ukaazi tembea nayo hata kileleni, sheria inadai.

Wanyama. Dubu wapo kweli Okutama na Tanzawa, weusi wenye alama nyeupe kifuani kama mwezi mchanga. Mwaka wa fedha 2023 watu zaidi ya 200 walishambuliwa nchi nzima, wengi wao kaskazini ya Honshu, na tangu hapo tahadhari imeongezeka. Kengele ndogo kwenye begi husaidia kumwarifu kwamba unakuja. Ukimwona, usikimbie. Rudi nyuma polepole ukimtazama. Binafsi ninawahofia zaidi manyigu wakubwa wa Septemba na Oktoba: wanakereka na nguo nyeusi na manukato. Ukisikia mlio wa taya ukikuzunguka, inama na rudi ulikotoka kimya. Kama dubu wanakunyima usingizi, nenda Nokogiri, mkoa wa Chiba, ng'ambo ya ghuba, ambako dubu hawapo. Ni mita 329 tu, ulikuwa machimbo ya mawe, una Buddha wa jiwe wa mita 31 na ukingo unaochungulia bondeni. Tena unaweza kuufikia kwa kivuko cha dakika 40 kutoka Kurihama.

Vifaa visikutishe. Raba zenye meno zinatosha Takao. Jinba na kuendelea tafuta viatu vya mlima kwenye maduka ya mitumba, kwa sababu Wajapani huuza vitu vilivyovaliwa mara mbili. Fulana ya pamba iache bwenini wakati wa baridi: ikilowa jasho haikauki, na upepo wa kileleni utakutetemesha. Koti la mvua, tochi ya kichwani, betri ya akiba, maji lita moja na nusu, mfuko wa takataka zako maana mapipa hayapo. Chakula nunua dukani karibu na stesheni, yale madonge ya wali. Kama huli nguruwe, chagua ya samaki au ya plamu ya chumvi, na soma maandishi ya nyuma. Tambi za vibanda vya mlimani mara nyingi zina mchuzi wa nguruwe.

Hukuuliza Fuji lakini najua utauliza Julai. Ni mita 3,776, njia ya Yoshida kwa kawaida hufunguliwa 1 Julai hadi 10 Septemba, na nje ya msimu huo usijaribu. Tangu 2025 ada ni yeni 4,000 kwa njia zote, na Yoshida geti hufungwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 9 usiku kwa asiye na nafasi kwenye kibanda cha kulala. Basi kutoka Shinjuku linakushusha kituo cha tano, mwanzo wa njia ya kupanda, mita 2,305. Kilimanjaro watu hupewa siku tano na zaidi kuzoea hewa. Hapa wengi hupanda kwa siku moja na nusu, kwa hiyo kichwa kitauma hata cha mtoto wa milimani. Lala kibandani. Kileleni Agosti wastani ni nyuzi 6 hivi, na upepo juu yake. Vibanda huanza kupokea maombi miezi kadhaa kabla na Jumamosi huisha haraka, basi weka nafasi ya usiku wa Jumatatu au Jumanne mwishoni mwa Julai, mitihani ikiisha, kabla ya umati wa sikukuu ya Obon katikati ya Agosti.